Ngozi ya Upande Wetu

Jumapili, 8 Juni 2014

Leo kanisani Constance alimwondoa mtoto wake kwenye mkeka alipokuwa amekaa na Grâce wetu. Alimshika mkono, akamhamishia upande wa pili, kisha akampangusa viganja kwa pindo la kitenge. Watu waliona. Mimi niliona vizuri kuliko wote, maana nilikuwa mbele na waimbaji, nawaongoza.

Grâce ana miaka miwili na nusu. Mashavu yake yana magamba. Nyuma ya magoti na ndani ya viwiko ngozi imekuwa nyeusi na nene, imepasuka, inatoa majimaji. Anajikuna hata anapocheka.

Baada ya ibada mchungaji alituita pembeni, mimi na bibi yangu Nabintu, mama wa Grâce. Akasema kwa upole kwamba wamama wameomba mtoto asikae na wenzake mpaka apone. Constance, kiongozi wao, alikuwa amesimama nyuma yake. Nabintu alitaka kujibu. Mimi nikamtangulia:

— Nimemwambia mara mingi amuogeshe vizuri.

Sijawahi kumwambia hivyo. Nabintu anamwogesha mtoto asubuhi na jioni. Aliangalia chini, akarekebisha kitenge cha mgongoni, tukaondoka. Njia nzima mpaka nyumbani, New Congo, kijiji chetu humu kambi ya wakimbizi ya Nakivale, alitembea mbele yangu. Nilikuwa nataka tu yale maneno yaishe. Sijui kwa nini nilichagua ya uongo.

Jumanne, 10 Juni

Vumbi. Maharage yamekauka, ni wiki ya kupiga.

Mama yangu, Madeleine, ambaye anaishi nasi tangu tukimbie Walungu, kule Kongo, amerudia ule wimbo wake: "Upande wetu hakuna mutu wa ngozi ya hivi. Iko damu ya kwingine." Alisema kwa sauti ya kumfikia Nabintu nje, kwenye moto. Nabintu anakaanga karanga, anazisaga na mashini ya mkono, anaziuza sokoni Isangano. Karanga zake zinatulisha kuliko shamba langu. Hakuacha kukoroga.

Kisha Mama alichota mafuta yanayoelea juu ya karanga iliyosagwa, akampaka Grâce kwenye mikunjo. Anasema ni dawa ya wazee.

Jioni Nabintu alileta sabuni ya kufulia, ile ngumu, na kipande cha gunia. Akaniambia nishike mikono ya mtoto. Nikashika. Akasugua magoti, viwiko, shingo. Maji yalikuwa na damu. Grâce alilia mpaka sauti ikakatika, akabaki anafungua mdomo tu.

Nabintu aliniangalia juu ya kichwa cha mtoto.

— Sasa amekuwa safi, Baba Grâce?

Niliiachia mikono, nikaenda kumwaga maji.

Jumamosi, 14 Juni

Ngozi imeharibika zaidi. Tulikwenda kituo cha afya. Muuguzi, mtu mpole, alisema huu si upele, maana upele ungewasha nyumba nzima. Akauliza: kuna mwingine anayejikuna nyumbani? Mama akajibu hakuna. Mimi nilivuta mikono ya shati ikafika kwenye vidole.

Niandike, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Ndani ya viwiko vyangu kuna ngozi ileile. Kiangazi kikifika inapasuka. Ndiyo maana navaa mikono mirefu hata shambani, na watu wanafikiri ni heshima ya kiongozi wa kwaya. Wakati wa kupiga maharage napiga chafya, macho yanavimba, kifua kinapiga filimbi. Nasema ni mafua.

Nabintu anajua. Ni bibi yangu, atakosaje kujua? Hajawahi kunitajia.

Muuguzi ametutuma Mbarara, kwenye kliniki ya ngozi. Inafanya kazi Alhamisi.

Alhamisi, 26 Juni

Mbarara. Tumerudi jioni hii, nimechoka, lakini nikiacha kuandika sitalala.

Tulikwenda wote, Mama pia. Alisema hawezi kuacha mjukuu wake adanganywe na madaktari. Kwenye benchi tulikaa na mwanamke Mganda, jina lake Molly, bibi ya askari. Amepanga chumba Kakiika, karibu na kambi ya jeshi. Mtoto wake, Junior, ana ngozi kama ya Grâce, ila yake imetulia. Molly ana mdomo mwepesi na Kiswahili cha kambini. Alimwambia Nabintu: "Mimi nilikuwa nafikiri ni uchawi ya jirani. Daktari akauliza mzee yangu, baba Junior. Yeye akasema, eh, ni mimi, hata baba yangu iko na asima ya kifua. Alisema mbele ya watu yote. Hakuona haya."

Nabintu aliuliza: "Hakuona haya kabisa?"

— Haya ya nini? Kwani aliiba?

Nikajifanya naangalia mlango.

Daktari ni mwanamke, Mackline, naye amekulia kambi ya jeshi na Kiswahili chake, kwa hiyo tulielewana. Alimshika Grâce bila kuvaa kitu mikononi. Alimpapasa mapaja, akamgeuza, akanusa hata mafuta aliyopakwa. Tangu kituo cha afya hakuna mtu wa nje aliyemgusa mtoto huyu hivyo. Nabintu alianza kulia palepale, kimya, machozi yanashuka tu.

Daktari alisema jina lake ni egzema, wengine wanaiita pumu ya ngozi. Haiambukizi. Siyo uchafu, tena kusugua kunaiongeza. Akasema ngozi ni kama ukuta wa matofali. Ya Grâce imezaliwa na udongo mchache kati ya matofali, maji ya mwili yanatoka na vitu vya nje vinaingia. Hali hiyo mara nyingi inatembea katika familia. Inaweza kutoka kwa baba au kwa mama, au kwa wote wawili. Mzazi mwingine haoneshi ngozi: ana pumu, au chafya na macho ya kuwasha. Mti mmoja, matawi tofauti.

Kisha akauliza. Alianza kwa baba.

— Kwa upande yako, mzee? Ngozi, kifua, chafya?

Mama akawahi: "Upande wetu hakuna. Sisi tuko na ngozi safi." Daktari hakumwangalia Mama. Aliniangalia mimi, kalamu imesimama.

Nikasema hapana.

Kiwiko kiliniwasha wakati uleule ndani ya shati. Sikukigusa.

Akamgeukia Nabintu. Na Nabintu — huyu mwanamke — alikaa akifikiri, akasema polepole: "Labda ni shangazi yangu. Alikuwaka anakohoa." Shangazi yake alikufa kwa kifua kikuu. Ananisimulia habari zake tangu tuoane. Alimtoa marehemu kaburini ili anifunike mimi.

Mama akatikisa kichwa kama mtu aliyeshinda kesi.

Daktari aliuliza pia kama kuna chakula mtoto anachokikataa. Nabintu akasema sombe, yale majani ya muhogo, ikipikwa na karanga: anaitema, anakuna midomo. Hapo daktari aliweka kalamu chini. Akaeleza kwamba chakula kikiingia kwanza kwa ngozi iliyopasuka, mwili wa watoto wengine unakichukua kama adui, na siku akikila, unapigana nacho. Ndiyo aleji. Kwa hiyo: mafuta ya karanga yasimguse tena. Karanga asile hata kidogo mpaka apimwe. Kusaga kufanyike mbali na anapolala. Vyakula vingine aendelee navyo, asinyimwe bure. Akivimba midomo au akikosa pumzi, tukimbie, tusingoje.

Ametupa dawa ya kupaka penye ngozi inayowaka, na vazelini mwili mzima mara akitoka majini. Turudi tarehe 31 Julai.

Mwisho alimuuliza Nabintu ana mimba ya miezi mingapi. Sikujua kwamba inaonekana. Akasema mtoto anayekuja si lazima awe hivi, lakini ni vizuri kujua inatoka wapi, ili ngozi yake ilindwe mapema. Aliposema "inatoka wapi" hakumwangalia mtu. Mimi niliona kama ametaja jina langu.

Ijumaa, 27 Juni

Nabintu aliamka kama kawaida. Alinipa chai. Angenitukana ningepumua.

Jumatatu, 7 Julai

Vazelini inafanya kazi. Mikunjo ya magoti imefunga. Grâce analala bila kujikuna. Nabintu amehamishia mashini ya karanga nyuma, kwa jirani, na akirudi anabadilisha nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Juzi alipokuwa sokoni nilichota vazelini kidogo, nikajipaka viwiko. Kama mwizi. Leo nimekuta kopo limewekwa upande wangu wa kitanda.

Jumapili, 13 Julai

Grâce alikaa na mama yake tu, nyuma kabisa kanisani. Nilimwambia mchungaji kwamba daktari anasema haiambukizi. Akasema vizuri, tungoje kidogo wamama wazoee. Constance akauliza kwa hiyo imetoka wapi, kwa baba au kwa mama? Wamama walicheka. Mama yangu aliingilia: "Kwa mama yake. Shangazi alikuwa nayo. Alisema mwenyewe kwa daktari."

Nabintu alikuwa anamfunga mtoto. Aliinua macho yakakutana na yangu. Alinipa muda. Ninajua alinipa muda.

Nilianza kukusanya vitabu vya nyimbo.

Jumamosi, 19 Julai

Grâce yuko hai. Naandika hilo kwanza.

Nabintu alikuwa sokoni. Nilikuwa nyumbani, najaza maharage kwenye gunia. Mama alipika uji. Nilimwona anachukua kijiko cha karanga ya kusaga na kukoroga ndani. Nikasema: Mama, daktari alikataza. Akasema, bila hasira: "Karanga umekula tangu utoto. Ulikufa? Huyu mutoto anakonda juu ya maneno ya ule muganga wa mujini. Kama yako haikukuua, ngozi yake itamuuaje?"

Kama yako. Alisema hivyo, kama yako, kisha akaendelea kukoroga. Kumjibu kungekuwa kulifungua lile jambo la ngozi yangu. Nikachukua gunia nikatoka nje.

Nilitoka nje. Niliona bakuli, nikatoka.

Muda mfupi nikasikia Mama anaita kwa sauti ambayo siijui. Midomo ya Grâce ilikuwa imevimba kama ya mtu mwingine. Macho yamefunga. Mwili mzima vinundu. Alitapika, halafu kifua kikaanza kupiga filimbi — filimbi yangu, ile ya wakati wa maharage, ila ndogo, nyembamba. Nilimbeba nikakimbia barabarani. Bodaboda alituona akageuza bila kuuliza. Shingoni kwangu nilisikia anavuta hewa na hewa haiji.

Kituoni, muuguzi yuleyule. Alimchoma sindano ya paja kabla sijamaliza sentensi. Tukangoja. Filimbi ikashuka. Rangi ya midomo ikarudi. Akamwekea dripu.

Nabintu alifika anakimbia, amepoteza kiatu kimoja, Constance na wamama wengine wako nyuma. Nikasikia Constance anawaambia wenzake: ni hizi karanga zake anazouza. Muuguzi akauliza nani alimpa mtoto. Mama, aliyetufuata na boda nyingine, alijibu mara moja, amesimama wima: "Ni mimi nilimupatia."

Hakusema kwamba mwanawe aliona. Alinifunika. Wanawake wawili wa nyumba yangu wananifunika, kila mmoja na kitenge chake.

Jumapili, 20 Julai

Sikwenda kanisani. Kwaya wameimba bila mimi.

Grâce amekula ndizi. Amecheka na paka wa kituo.

Mama amekaa nje ya wodi tangu jana, hataki kuingia. Nilimpelekea chai. Akasema bila kuniangalia: "Ulikuwaka vile vile. Zaidi ya huyu. Nilikuwa nakufunga mikono na bitambaa usijikune." Nikamuuliza kwa nini alinificha jambo hilo. Akakaa sana na kikombe. Kisha akasema kwamba bamama wa ukoo wa baba yangu walimwita mchafu. Walikataa chakula cha mikono yake. Siku moja walimrudisha kwao pamoja na mimi, nikiwa mchanga, na alikaa huko mavuno mazima mpaka ngozi yangu ilipotulia ndipo baba akamfuata. "Niliapa hakuna mutu atasema tena ni yetu," akasema. "Hakuna. Hata wewe."

Ilikuwa ya baba, nadhani. Babu alikuwa anapumua kwa shida kila kiangazi, namkumbuka ameegemea mlango. Hakuna aliyemrudisha babu kwao.

Nilitaka kumkasirikia Mama. Sikuweza. Aliyotendewa ameyatenda, na mimi nilimshikia bakuli.

Jumanne, 22 Julai

Tumemrudisha Grâce nyumbani asubuhi. Mchana nilimwambia Nabintu: niliona Mama anatia karanga. Niliona, nikatoka nje.

Alikuwa anakunja nguo za mtoto. Aliendelea mpaka ya mwisho.

— Kwa daktari nilisema, ana haya, nitamubebea, akaseme siku yake. Kanisani nilisema, ana haya. Leo haya yako imetaka kuniulia mutoto.

Nikasema nisamehe. Akasema sikatai kukusamehe, lakini siwezi kulala hapa na macho yangu yamefunga.

Ameondoka na gari la saa nane, na Grâce, na kopo la vazelini. Anakwenda Kakiika kwa yule Molly. Walipeana namba za simu siku ile kwenye benchi. Mama alimfuata mpaka njia kubwa, akimbebea mfuko. Sikujua wanaongea nini. Niliona Mama anapiga magoti kwenye vumbi, na Nabintu anamwinua.

Jumatano, 23 Julai

Nyumba tupu, bila wao.

Jumapili, 27 Julai

Nilimwomba mchungaji nafasi wakati wa matangazo. Alifikiri ni habari ya mazoezi ya kwaya.

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yalipotea yote. Nilikunja mikono ya shati mpaka juu, mbele ya watu. Nikasema: ngozi ya Grâce ni hii. Imetoka kwangu. Si uchafu, haiambukizi, nimeimba nanyi miaka yote na hakuna aliyeipata. Bibi yangu mumemusingizia, na wa kwanza kumusingizia ni mimi, hapahapa kanisani, mbele ya mchungaji. Tena karanga ya juzi niliiona ikitiwa nikanyamaza.

Nilisikia mbuzi nje. Nilitegemea nitajisikia mwepesi. Hapana. Nilijisikia uchi. Mchungaji alisema amina, akatangaza wimbo. Déo, mpiga ngoma wetu, tuliposhika kitabu kimoja alikishika kwa ncha za vidole.

Mama alikuwa ameketi mbele. Hakutoka. Hakuinua kichwa pia.

Nilipokuwa nafunga madirisha Constance alikuja. Nikajiandaa. Akauliza kwa sauti ndogo kama ile vazelini ni ya aina yoyote, au kuna moja maalum. Nikamwambia yoyote isiyo na harufu, ukitoka majini, usisugue. Akasema asante, shemeji. Hakusema ni ya nani. Mtoto wake leo alikuwa amevaa soksi ndefu kwenye joto hili.

Alhamisi, 31 Julai

Kakiika. Naandika nikiwa nimekaa kwenye tofali nje ya chumba cha Molly. Nimetoka Nakivale kabla jua halijachomoza. Leo ni siku ya kurudi kliniki.

Molly alinifungulia. Aliangalia mikono yangu — nimevaa shati la mikono mifupi, nililiazima — akasema: "Eh. Kumbe ni wewe." Akaingia ndani. Mume wake, Elly, askari mwenyewe, anapiga kiatu rangi karibu nami, nguo za jeshi ziko kwenye kamba. Alinipa mkono kama kawaida. Akasema ngozi yake inamsumbua zaidi akivaa buti. Kisha akaendelea na kiatu. Nilitaka kumuuliza alipata wapi ule moyo, nikaona hatanielewa. Kwake halikuwa jambo la moyo.

Grâce alitoka, anang'aa mafuta. Alikuja akapanda gotini. Akakuta kiwiko changu, akakipapasa, akasema: "Papa dodo." Ndilo neno analotumia kwa kidonda chake. Akakimbia ndani, akarudi na kopo. Amenipaka. Nyingi sana, mpaka inachuruzika.

Nabintu amesimama mlangoni. Sijui tangu lini. Tumbo limekua. Tumeongea hivi:

— Ulisema kanisani?

— Nilisema.

— Mbele ya Mama?

— Mama alikuwa mbele kabisa.

— Na habari ya bakuli?

— Na hiyo.

Amemwangalia mtoto, ameangalia mkono wangu. Akasema daktari bado ameandika shangazi yake. Nikasema najua, ndiyo maana nimekuja, niko tayari kumwambia. Akasema: "Mimi sikukuuliza kama uko tayari." Akaingia.

Kliniki inafunga saa saba. Elly amemaliza viatu, anasema ni mwendo mfupi kwa miguu hadi kwenye boda. Ndani nasikia maji kwenye beseni, nasikia Molly anauliza kitu kwa sauti ya chini. Sasa ametoka na kitenge begani. Amemwita Grâce. Anamfunga mgongoni, anaangalia barabara. Hajaniambia nibaki, hajaniambia nije. Nafunga daftari, nawafuata.